Njaa, Kazi na Saratani: Historia ya Kupimwa Mwili katika Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, inayoanzia visiwa vya Kirimba na mji wa Ibo, ikapita Mocímboa da Praia na Palma hadi Kionga na mdomo wa mto Ruvuma, ni nchi ambayo kwa muda wa karne mbili mtu mzima aliyekonda hakuhitaji kuelezwa, kwa kuwa kila kizazi kilikuwa na sababu yake ya kukonda iliyokwisha kujulikana na wote: biashara ya watumwa, kodi ya kampuni, pamba ya kulazimishwa, vita vya ukombozi, vita vya wenyewe kwa wenyewe, UKIMWI, na hatimaye mapigano yaliyoanza mwaka 2017. Nyuma ya sababu hizo saratani ilipata mahali pa kujificha, maana ugonjwa huu mara nyingi huanza kuula mwili kabla uvimbe wenyewe haujaonekana wala kushikika kwa mkono. Historia ya utapiamlo wa wagonjwa wa saratani katika pwani hii, kwa hiyo, haiwezi kutenganishwa na historia ya nani aliyepimwa mwili, alipimwa na nani, na kwa faida ya nani. Na mtu akiifuata historia hiyo kwa makini ataona kwamba mizani na utepe vilikuja kwanza kwa ajili ya mwajiri, baadaye kwa ajili ya mtoto mdogo, na kwamba mgonjwa mtu mzima alifikiwa mwisho kabisa, tena kwa sehemu tu.

Ni lazima kwanza kupambanua aina mbili za kukonda, kwa sababu kwa macho hufanana ilhali ndani ya mwili ni mambo mawili tofauti. Mtu aliyekosa chakula tu huanza kutumia akiba ya mafuta yaliyo chini ya ngozi, mwili wake hupunguza matumizi ya nguvu na kuihifadhi misuli kadiri uwezavyo, na chakula kikirudi naye hurudi taratibu katika hali yake. Mgonjwa wa saratani huweza kupungua hata chungu kikiwa kimejaa, kwa kuwa uvimbe pamoja na kinga ya mwili inayopambana nao humwaga katika damu kemikali zinazozua uvimbeuchungu wa mwili mzima, zinazoua hamu ya kula na kuivunja misuli, hali ambayo madaktari huiita kakeksia. Mwaka 2011 kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali lilikubaliana kwamba mgonjwa huhesabiwa kuwa na kakeksia akipoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake katika miezi sita bila kukusudia, yaani mvuvi wa kilo 60 akipungua zaidi ya kilo 3. Lakini kwa mtu ambaye tangu awali ni mwembamba, ambaye uwiano wa uzito wake kwa urefu (kilo zikigawanywa kwa mraba wa urefu kwa mita) uko chini ya 20, kupoteza zaidi ya asilimia 2 kunatosha. Kigezo hicho cha pili ndicho kinachoihusu pwani hii zaidi, kwa kuwa hapa njaa na saratani hukutana katika mwili mmoja, na mtu aliyeishi miaka mingi na akiba ndogo hana cha kupoteza kabla hajaingia hatarini.

Akiba hiyo ilikuwa ndogo kwa sababu zinazoweza kusimuliwa. Wakazi wa pwani na visiwa, Wamwani na Waswahili wa upande wa Palma, pamoja na majirani zao Wamakua na Wamakonde wa bara, waliishi zamani kwa mtama, uwele na mpunga wa mabondeni, wakaongezea samaki, pweza na chaza ambao wanawake waliwaokota maji yalipokupwa. Muhogo ulikuja na Wareno kutoka Brazili na ukaenea polepole, kwa kuwa unaota katika mchanga, unavumilia jua, na unaweza kuachwa ardhini mpaka siku ya shida. Ubora wake kama ngao ya njaa hauna ubishi, ila kama chakula cha kujenga mwili ni dhaifu mno: muhogo mbichi hauna protini zaidi ya sehemu moja au mbili katika mia, na anayeutegemea pekee hushiba tumbo huku misuli yake ikikosa malighafi. Mpishi wa pwani aliliziba pengo hilo kwa kisamvu kilichotwangwa na kupikwa kwa karanga na tui la nazi, ambacho kote Msumbiji hujulikana kwa jina la matapa, na kwa samaki. Pale karanga, nazi na samaki vilipokosekana, pengo lilibaki wazi.

Upimaji wa kwanza wa miili ya watu wazima uliofanywa hapa na wageni haukuwa wa tiba. Katika karne ya 18 na ya 19 Ibo ilikuwa bandari ya watumwa waliopelekwa visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi na masoko mengine, na mnunuzi alikagua meno, misuli na ngozi ili kukadiria bei. Mwanzoni mwa karne ya 19 mashambulizi ya Wasakalava waliokuja kwa mitumbwi kutoka Madagaska yaliviharibu visiwa vya Kirimba, yakafukuza watu kutoka kwenye mashamba yao na kuacha njaa. Kwa kipindi hicho hakuna mtu aliyeandika habari za mgonjwa aliyekonda akiwa mgonjwa. Aliyekonda aliandikwa, kama aliandikwa, kuwa bidhaa iliyoshuka thamani.

Mwaka 1891 serikali ya Ureno iliikabidhi nchi yote ya kaskazini, kati ya mto Lúrio na Ruvuma, kwa Kampuni ya Niassa, kampuni ya wawekezaji iliyopewa mamlaka ya kutoza kodi, kuendesha utawala na kutumikisha watu, na iliyotawala mpaka mwaka 1929. Kampuni hiyo haikuwa na mtaji wa kuiendeleza nchi, hivyo iliishi kwa kodi ya kibanda na kwa kuwauza watu wake kama nguvukazi, na miongoni mwa wanunuzi wake walikuwamo mawakala wa migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Hapo ndipo wanaume wa kaskazini walipoingia katika utaratibu wa kupimwa na daktari, kupandishwa kwenye mizani na kukubaliwa au kukataliwa kwa kadiri ya uwezo wa mwili wao kuvumilia kazi ya chini ya ardhi. Vifo vya nimonia miongoni mwa wachimbaji waliotoka nchi za joto vilikuwa vingi kiasi kwamba mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini ilipiga marufuku kuajiri watu kutoka kaskazini ya latitudo ya digrii 22 kusini, na Cabo Delgado yote iko mbali kaskazini ya mstari huo. Marufuku hiyo iliokoa maisha ya watu, na hilo lisemwe wazi. Lakini ilikuwa na matokeo mengine ambayo hayakutazamiwa na mtu yeyote, kama itakavyoonekana mbele.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipita juu ya pwani hii kwa uzito wote. Wareno waliitwaa tena Kionga kutoka kwa Wajerumani mwezi Aprili 1916, wakajaza askari Palma na Mocímboa da Praia, wakakusanya wapagazi kwa nguvu na vyakula kutoka ghala za vijiji, na vita vilipokuwa vinakwisha mwaka 1918 ikaja homa kuu ya mafua.

Jambo lililobadilisha chakula cha watu kwa kina zaidi ni pamba. Kuanzia mwaka 1938 utawala wa Salazar nchini Ureno uliwalazimisha wakulima wa kaskazini ya Msumbiji kulima pamba kwa ajili ya viwanda vya Ureno, kwa bei iliyopangwa na serikali, chini ya usimamizi wa makampuni yaliyopewa maeneo, na uliendelea hivyo hadi mwaka 1961. Pamba inataka palizi nyingi, tena katika miezi ileile ambayo mtama na mahindi navyo vinataka palizi, na kwa kuwa jembe lilikuwa mkononi mwa mwanamke zaidi kuliko mwanamume, ni yeye aliyelazimika kuchagua kipi kiachwe. Mwanahistoria Allen Isaacman, aliyekusanya masimulizi ya wakulima wenyewe, ameonyesha jinsi familia zilivyoacha nafaka na kukimbilia muhogo kwa sababu hauhitaji kazi nyingi wala majira maalumu. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa anayetaka kuvuka mwaka, lakini ulipunguza protini katika sahani ya kila siku kwa muda wa kizazi kizima. Wengine walivuka Ruvuma kwenda mashamba ya mkonge ya Tanganyika, ambako waliingia tena katika daftari la mwajiri, safari hii kwa posho ya unga na maharage iliyopimwa kwa uzito.

Wakati huohuo saratani ilianza kuandikwa katika vitabu vya tiba vya kusini mwa Afrika, nayo iliandikwa kupitia mizani ya migodi. Daktari Charles Berman wa Afrika Kusini aligundua kwamba saratani ya ini ilionekana mara nyingi isivyo kawaida kwa wachimbaji waliotoka Msumbiji, tena kwa vijana wenye nguvu, na mwaka 1951 akatoa kitabu juu ya ugonjwa huo. Mwaka 1965 Prates na Torres walichapisha uchunguzi wao wa saratani katika mji wa Lourenço Marques, yaani Maputo ya leo, na hesabu zao za saratani ya ini kwa wanaume zilikuwa za juu kuliko mahali pengine popote palipokuwa pamepimwa duniani wakati ule. Hapa ndipo matokeo ya marufuku ya 1913 yanapoonekana: wachimbaji waliokuwa wakichunguzwa migodini walikuwa watu wa kusini, na hospitali yenye maabara ya kuchunguza vinyama ilikuwa kusini, kwa hiyo ramani ya kwanza ya saratani ya Msumbiji ilichorwa bila kaskazini. Mtu wa Palma au Mocímboa da Praia aliyefariki na ini lililovimba katika miaka ya 1950 hakuingia katika hesabu yoyote.

Si kwamba sababu za ugonjwa huo hazikuwepo kaskazini. Mwaka 1960 makumi ya maelfu ya batamzinga walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyoota ukungu, na uchunguzi wa vifo hivyo ndio uliofichua sumukuvu, sumu inayotolewa na kuvu anayeota kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa kabla ya kukauka vizuri. Sumu hiyo huharibu chembe za urithi za seli za ini, na hatari yake huongezeka mara nyingi kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini ya aina ya B, ambavyo katika nchi hizi wengi huambukizwa utotoni. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1985 na Van Rensburg na wenzake ulilinganisha kiasi cha sumukuvu katika chakula na wingi wa saratani ya ini, ukakuta kwamba wilaya za Inhambane ziliongoza kwa yote mawili. Inasikitisha kwamba karanga, kiungo kilekile kilichomwokoa mla muhogo asikose protini, ndicho kilichobeba sumu hiyo pale unyevu wa masika ulipoingia ghalani.

Saratani ya ini inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu inaonyesha vizuri kuliko nyingine zote jinsi kipimo kinavyoweza kudanganya. Ini likishindwa kufanya kazi, maji hujikusanya ndani ya tumbo, wakati mwingine lita kadhaa, na miguu huvimba. Wakati huohuo misuli ya mabega na mapaja huyeyuka, mashimo hutokea juu ya mifupa ya mtulinga, na mashavu huingia ndani. Mgonjwa huyo akisimama juu ya mizani, uzito wake huweza kuwa uleule wa mwaka uliopita, au hata kuzidi, kwa kuwa maji yamechukua nafasi ya nyama, na mwandishi wa daftari akaandika kwamba hali ya lishe haijabadilika. Ukweli hupatikana mkononi: sehemu iliyo kati ya bega na kiwiko haijai maji haraka kama tumbo na miguu, hivyo utepe ukizungushwa hapo hupima kilichobaki cha misuli na mafuta.

Wazo la kupima mkono lilikomaa Afrika Mashariki yenyewe, ingawa kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Kampala, katika Hospitali ya Mulago, watafiti walikuwa wameshughulika kwa miaka mingi na kwashakoo, utapiamlo wa watoto ambamo mwili huvimba kwa maji huku misuli ikipotea, na mwaka 1954 Trowell, Davies na Dean walitoa kitabu kizima juu ya maradhi hayo. Derrick Jelliffe, aliyefundisha tiba ya watoto Makerere kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1966 kuhusu namna ya kutathmini hali ya lishe ya jamii, na ndani yake akaeleza kwa utaratibu vipimo ambavyo mhudumu asiye na umeme wala maabara angeweza kuvitumia, mzingo wa mkono ukiwa mmojawapo. Mkono wa mtoto haubadiliki sana kati ya umri wa mwaka mmoja na mitano, kwa hiyo alama moja iliweza kuwatosha wote bila kuhitaji kujua umri wao kamili. Leo mtoto ambaye mkono wake una mzingo chini ya sentimita 11.5 huhesabiwa kuwa na utapiamlo mkali. Utepe wenye rangi ya kijani, manjano na nyekundu, ambao sasa umefika vijiji vingi vyenye mhudumu wa afya, ni mtoto wa kazi hiyo. Kwa watu wazima hakuna alama moja kama hiyo iliyokubaliwa duniani kote, na sababu si ya kisayansi peke yake, bali pia ni kwamba hakuna aliyehimiza itafutwe kwa nguvu ileile.

Kampala hiyohiyo ndiko utapiamlo na saratani vilipokutanishwa waziwazi. Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago, alieleza mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya unaowapata watoto, na mwishoni mwa mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari maili 10,000 hivi, sawa na kilomita 16,000, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama ugonjwa huo ulijulikana. Walikuta kwamba uvimbe huo hupatikana katika nchi zenye joto na mvua, ukiwemo ukanda wa pwani ya Msumbiji, na kwamba mipaka yake inafanana na ya malaria kali. Mtoto mwenye uvimbe huo hutikisika meno, taya huvimba mpaka asiweze kufunga mdomo, na hata akiona njaa hawezi kutafuna, kwa hiyo huingia katika matibabu akiwa tayari amedhoofika. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanza mwaka 1967 kwa kuwatibu watoto hao kwa dawa za kuua seli za saratani, ilifunza Afrika Mashariki kwamba uvimbe mkubwa huweza kuyeyuka kwa siku chache, na kwamba mwili uliokonda huilipia dawa ileile gharama kubwa zaidi kwa maambukizi na vidonda vya mdomo. Elimu hiyo haikuvuka Ruvuma wakati ule, maana kusini ya mto vilikuwa vimeanza vita.

FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilianza mapambano ya silaha Cabo Delgado mwezi Septemba 1964. Watu wengi wa pwani walikusanywa na jeshi la Wareno katika vijiji vyenye ulinzi, mbali na mashamba yao, na wengine walikimbilia Tanzania. FRELIMO ilikuwa na hospitali yake Mtwara, iliyopewa jina la Américo Boavida, daktari wa Angola aliyeuawa vitani mwaka 1968. Baada ya uhuru mwaka 1975 serikali mpya ilitaifisha huduma za afya na, kwa kuwa madaktari wengi wa Kireno walikuwa wameondoka, iliamua kuwekeza katika kinga, chanjo na afya ya mama na mtoto. Uamuzi huo ulistahili sifa uliyopewa na ulimwengu. Pamoja na hayo ulithibitisha mpangilio ambao haujabadilika hadi leo: mtoto ana kadi yenye mstari wa uzito, mjamzito ana kadi yake, na mtu mzima mwingine yeyote hana karatasi inayosema mwaka jana alikuwa na kilo ngapi.

Tukio la mwaka 1981 katika mkoa jirani wa Nampula liliwafunza watu wa afya jambo muhimu juu ya chakula chenyewe. Katika ukame mkali, wilayani Memba, Erati na penginepo, watu 1,102, wengi wao watoto na wanawake, walipooza miguu kwa ghafla na kwa kudumu, kwa ugonjwa ambao wenyeji waliuita mantakassa na ambao kwingineko hujulikana kama konzo. Uchunguzi uliofanywa na Wizara ya Afya, ambamo walishiriki daktari Julie Cliff na Hans Rosling, daktari Mswidi aliyekuwa akifanya kazi Nacala, ulionyesha kwamba njaa iliwalazimisha watu kula muhogo mchungu kabla haujaanikwa vya kutosha, na kwamba mwili ulishindwa kuiondoa sianidi iliyomo kwa sababu ulikosa asidi amino zenye salfa, ambazo hupatikana kwa wingi katika samaki na nyama. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ugonjwa uleule ulizuka ng'ambo ya Ruvuma, mkoani Mtwara. Kwa mwenye kutafakari juu ya wagonjwa wa saratani, maana yake ni kwamba swali la kama mtu amekula halitoshi. Lazima iulizwe amekula nini, kimeandaliwa vipi, na kwa muda gani samaki hawajaonekana katika nyumba hiyo.

Katika miaka ya 1990 UKIMWI ulileta maelezo mapya ya kukonda, na maelezo hayo yalikuja na fedheha. Mtu mzima aliyepungua alidhaniwa kuwa na virusi, naye kwa kuogopa maneno ya watu alichelewa kwenda hospitali, hata kama kilichomtesa kilikuwa ni saratani ya umio, njia ya chakula kati ya koo na tumbo, ambayo dalili yake ya kwanza ni ugali kukwama kifuani, kisha uji, mwishowe hata maji. Nyakati nyingine maelezo yote mawili yalikuwa kweli, kwa kuwa virusi hivyo huongeza saratani ya ngozi iitwayo Kaposi na ile ya mlango wa kizazi, ambayo Msumbiji ni miongoni mwa nchi zinazoathirika nayo zaidi duniani.

Katika hospitali za nchi tajiri, nusu ya pili ya karne ya 20 ndiyo iliyojenga elimu ya kutathmini lishe ya mgonjwa mtu mzima. Mwaka 1980 DeWys na wenzake walionyesha, kwa kuchunguza wagonjwa zaidi ya 3,000 wa saratani nchini Marekani, kwamba waliopungua uzito kabla ya kuanza dawa waliishi muda mfupi kuliko wasiopungua. Mwaka 1987 Detsky na wenzake wa Toronto walichapisha njia ya kumtathmini mgonjwa kwa maswali na kwa kumtazama: uzito ulivyobadilika, anachokula, kichefuchefu na kuhara, nguvu za kufanya kazi, kisha kukagua mafuta chini ya jicho, misuli ya bega na uvimbe wa vifundo. Njia hiyo haina gharama ila muda na jicho lililofundishwa, na kwa hiyo inaifaa zahanati ya pwani kuliko vifaa vingi vilivyobuniwa baadaye. Ugumu wake ni swali la kwanza. Anayeulizwa alikuwa na kilo ngapi miezi sita iliyopita lazima awe aliwahi kupimwa, na mkulima au mvuvi wa Palma kwa kawaida hakupimwa tangu kadi yake ya utotoni ilipokwisha. Fomu ya Uingereza ya mwaka 2003 inayotumiwa hospitalini na majumbani ililiona tatizo hilo, ikaruhusu kuuliza kama nguo au pete zimelegea, kukadiria urefu kwa kupima mfupa wa mkono kutoka kiwiko hadi kifundo, na kutumia utepe: mtu mzima mwenye mzingo wa mkono chini ya sentimita 23.5 huelekea kuwa na uwiano wa uzito kwa urefu ulio chini ya 20, yaani kiwango kilekile ambacho chini yake upungufu wa asilimia 2 tu huhesabika.

Kulikuwa na wakati ambapo pwani hii ilitangulizwa. Mwaka 2014 na 2015 Mocímboa da Praia ilichaguliwa pamoja na Manhiça na Manica kuwa moja ya wilaya tatu za majaribio ya chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, na wasichana wa huko walichanjwa miaka kadhaa kabla ya nchi nzima kuanza mwaka 2021. Kisha tarehe 5 Oktoba 2017 mji huohuo ukashambuliwa na waasi wenye silaha. Mwaka 2019 Kimbunga Kenneth kiliipiga pwani. Agosti 2020 mji ukatekwa, na Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Mamia ya maelfu ya watu walikimbilia Pemba, Metuge, Montepuez na Nampula, na hospitali na vituo vya afya vya kaskazini viliporwa au kuchomwa. Katika kambi, utepe wa rangi ulizungushwa kwenye mikono ya watoto chini ya miaka mitano na ya wajawazito na wanaonyonyesha, kama taratibu za misaada zinavyoagiza, na ni haki wapimwe kwanza kwa sababu hufa upesi zaidi. Baba wa miaka 50 mwenye uvimbe kooni alipokea mgawo wa mchele, maharage na mafuta uliokadiriwa kwa mtu mwenye afya anayeweza kumeza.

Matibabu yenyewe yako mbali. Dawa za saratani hutolewa katika hospitali kuu chache, Nampula ikiwa ya karibu zaidi, na tiba ya mionzi ilipofika nchini, katika miaka ya karibuni tu, iliwekwa Maputo, zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara kutoka Palma. Anayefika huko hupimwa kwa lazima, kwa kuwa dozi ya dawa nyingi za saratani hukokotolewa kwa eneo la ngozi ya mwili, linalopatikana kwa kuchukua uzito na urefu pamoja, na hesabu hiyo hurudiwa kabla ya kila mzunguko wa dawa kwa sababu mwili unaendelea kubadilika. Kwa wagonjwa wengi hiyo ndiyo mizani ya kwanza tangu utoto, na namba inayosomwa haina namba ya kulinganishwa nayo. Mwenye kujaza fomu hulazimika kumgeukia mke, dada au mtoto aliyefuatana na mgonjwa, akaulize shati hili lilikuwa likimkaa vipi kabla ya kukimbia kijiji, ni lini aliacha ugali akabaki na uji, ni lini aliacha kwenda baharini au shambani, na kama mkono uliokonda ulianza kukonda kabla ya tumbo kujaa au baadaye. Na majibu hayo, yakiandikwa kwa tarehe na kwa uangalifu, hutosha kumweka mgonjwa katika daraja sahihi na kuamua kama alishwe kwanza, apunguziwe dozi, au awekewe mrija wa chakula kabla ya dawa kuanza.